Mskoti Aliyekuja na Nyundo

Aprili 1876 kamati ya Church Missionary Society, London, iliwaaga watu wanane waliokuwa safarini kwenda Buganda. Kila mmoja alipewa nafasi ya kusema machache. Wa mwisho kusema alikuwa mdogo wao kwa umri, mhandisi Mskoti wa miaka 26 aliyeitwa Alexander Mackay. Hakupoteza muda kwa shukrani. Aliwaambia wazee wa kamati kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda wakaletewa habari kuwa mmoja wa hao wanane amefariki, na habari hiyo ikija wasivunjike moyo, watume mwingine mara moja azibe pengo.

Hakukosea. Agosti ya mwaka uleule James Robertson, mjenzi, alizikwa Zanzibar hata kabla ya kuvuka kwenda bara. Mei iliyofuata daktari wao, John Smith, akafa kando ya Ziwa Victoria. Desemba 1877 Luteni Shergold Smith, mkuu wa msafara, na Thomas O'Neill wakauawa kisiwani Ukerewe. Wawili wengine walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa. Hata miaka miwili haikutimia, wakawa wamebaki Mackay na kasisi mmoja, C. T. Wilson.

Mtaje mmisionari Mskoti mbele ya mtu yeyote wa Afrika Mashariki, atakujibu Livingstone kabla hujamaliza sentensi. Sina ugomvi na jibu hilo, ila limewafunika wengine wote, na Mackay kafunikwa zaidi. Uganda wanamkumbuka, tena vizuri. Huku kwetu Tanzania, ambako alikata barabara, akaunda mashua, akaishi miaka yake ya mwisho na akafa, jina lake ni geni. Nadhani sababu ni kwamba tumezoea kumweka kwenye kabati la mitume wa Buganda. Mimi namwona zaidi kama fundi. Na ukimfuatilia kama fundi unaona jambo ambalo vitabu vya sifa hulipita haraka: kila alipofaulu, Waswahili walikuwa wameshatangulia kumtandikia njia, na aliwatazama kwa jicho baya mpaka mwisho.

Alizaliwa 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, mtoto wa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti. Baba yake alimsomesha mwenyewe nyumbani hadi alipotimiza miaka 14. Akasoma ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi katika kiwanda cha mitambo mjini Berlin. Huko aliunda mashine ya kilimo iliyopata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya Breslau. Angeweza kutajirika. Moyo wake ulikuwa Madagaska, kisha akaomba kazi Mombasa ya kusimamia makazi ya watumwa waliokombolewa, akakuta nafasi imeshapata mtu. Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph likachapa barua ya mpelelezi Stanley iliyosema Kabaka Mutesa anataka walimu, na kwamba anayefaa zaidi ni yule anayejua kutibu, kujenga, kulima na kushika kazi yoyote ya mikono. Mtu aliyesoma barua ile akiwa na mafuta ya mashine mikononi lazima aliona imeandikiwa yeye.

Hakuwa kasisi, wala hakuwa kasisi baadaye. Miaka yote 14 ya Afrika alibaki mlei. Aliweza kumfundisha mtu kusoma Injili kuanzia alifabeti, lakini hakuweza kumbatiza. Wakristo watano wa kwanza wa misheni yake walibatizwa Machi 1882 na kasisi Philip O'Flaherty, aliyekuwa amefika Buganda mwaka mmoja tu nyuma. Sioni popote kwamba jambo hili lilimkera Mackay, bali linanikera mimi kwa niaba yake.

Kazi yake ya kwanza ya maana hapa ilikuwa barabara. Safari ya mwanzo kuelekea ziwani ilimshinda kwa homa, akarudishwa pwani mwishoni mwa 1876. Badala ya kulala Zanzibar akisubiri nguvu, alivuka hadi Saadani, mji wa Bwana Heri, akaajiri vibarua, akawapa mashoka, misumeno na majembe, wakaanza kukata njia ya mikokoteni kwenda Mpwapwa. Ni maili 230, kama kilomita 370. Njia ya misafara ya wakati ule ilikuwa uchochoro wa kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, unaozunguka kila mti ulioanguka na kila jiwe. Yeye alitaka upana wa kupita ng'ombe wawili waliofungwa nira. Kufikia Agosti 1877 barabara ilikuwa imefika Mpwapwa.

Kisha mikokoteni ikaanza kupita na hesabu zote zikaharibika. Masika iligeuza mabonde kuwa tope la kumeza gurudumu zima. Mbung'o wakashuka juu ya ng'ombe, na ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine. Mskoti mwenziwe, tajiri wa meli William Mackinnon, alikuwa akijaribu jambo hilohilo kutokea Dar es Salaam mwaka uleule; barabara yake nayo ilikwama kabla ya kufika mbali. Mizigo ikarudi pale ilipokuwa siku zote, mabegani mwa Wanyamwezi, frasila mbili kwa kila mtu, pamoja na chakula chake na kulala chini.

Naitaja barabara hii kwa urefu kwa sababu ndiyo kosa lake kubwa la kihandisi, na ni kosa linaloeleweka. Alihesabu umbali, miinuko na uzito. Inzi hakumhesabu. Wapagazi walimjua tangu zamani, ndiyo maana hakuna mfanyabiashara wa pwani aliyewahi kuweka mali yake kwenye mkokoteni kwenda Unyanyembe. Watu waliokuwa wakimwonyesha Mackay njia walikuwa na jibu la swali ambalo yeye hakuwa amelijua bado. Leo watalii huenda Saadani kuangalia tembo wakishuka karibu na bahari, na sidhani kama kuna anayewaambia kwamba hapohapo ulianza mradi wa kwanza mkubwa wa gurudumu kuelekea bara.

Katikati ya 1878 alifika Kageyi, kusini mwa ziwa, mahali walipokuwa wamepiga kambi wenzake waliokufa. Ndani ya kibanda alikuta mali yote ya misheni imerundikwa ovyo: mabomba ya mvuke juu ya makaratasi, vitabu ndani ya maganda ya bwela, herufi za chuma za kuchapia zimechanganyika na nguzo za mahema, dawa, risasi, nyama ya makopo. Mtu mwingine angekaa chini akalia. Mackay alikunja mikono ya shati, akaanza kuchambua kipande kwa kipande, na baada ya siku kumi hivi za kazi ngumu injini ya mashua ilikuwa imekamilika karibu yote. Mashua yenyewe, Daisy, ilikuwa imepasuka na kuliwa na mchwa; aliitoa sehemu moja mhanga ili kuziba nyingine. Namwelewa zaidi mtu huyu katika siku zile kumi kuliko katika hotuba zake zote.

Kabla ya kusafiri kwenda Buganda alitaka kujua wenzake walikufaje, akavuka kwenda Ukerewe bila silaha kumwona Mtemi Lukonge. Kisa chenyewe kilikuwa cha deni. Songoro, mfanyabiashara wa pwani, alijenga jahazi kisiwani kwa mbao za mtemi, akawauzia Wazungu kabla ya kumaliza hesabu na mwenye mbao. Ugomvi ulipozuka, Songoro alikimbilia kambi ya wageni, wageni wakakataa kumtoa, wakafa pamoja naye. Kwa hiyo wafia dini wawili wa kwanza wa misheni ile waliangukia katika kesi ya biashara. Mackay alikaa na Lukonge siku kadhaa, wakaelewana, akarudi salama. London kulikuwa na watu waliotaka adhabu. Yeye hakutaka kisasi.

Novemba 1878 aliingia kwenye ikulu ya Mutesa, na hapa ndipo hoja yangu inapokaa. Mackay hakujua Kiganda. Alizungumza na Kabaka kwa Kiswahili. Mutesa alikijua, maana alikuwa amesomeshwa dini na walimu Waislamu kutoka pwani, na kwa takriban miaka kumi ikulu ilifunga Ramadhani. Injili aliyosoma Mackay mbele ya baraza ilikuwa ya Kiswahili, iliyotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere. Aliyewageuzia wakuu maneno hayo kwa Kiganda alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa katika shule ya misheni ya UMCA Zanzibar, akafika Buganda na Stanley mwaka 1875 na kuachwa hapo awe mwalimu na karani wa Kabaka. Yaani Ukristo ulikuwa umeshafundishwa ikulu zaidi ya mwaka mmoja kabla mmisionari yeyote wa Ulaya hajafika, na mwalimu alikuwa kijana huyu. Kwenye picha za kanisani simwoni.

Wala kusoma hakukuanza na Wakristo. Waganda walikuwa wameshajua kwamba dini hukaa kitabuni, kwamba mtu anaweza kushika karatasi na kuwa na ujuzi ambao mkuu wake hana. Walijifunza hilo kwa Kurani. Na walikuwa wameshalilipia: mwaka 1876, Mackay akiwa ndio kwanza anaondoka Uingereza, vijana Waislamu wapatao 70 walichomwa Namugongo kwa amri ya Mutesa, baada ya kukataa kula nyama iliyochinjwa ikulu na kudai Kabaka asiyetahiriwa hawezi kuwa imamu wao. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hujaa Namugongo, wengine wakitembea kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, kuwakumbuka Wakristo waliouawa miaka kumi baadaye. Wale 70 hawana umati wa namna hiyo.

Mackay hakuyaona haya, au aliyaona akayachukia. Waarabu na Waswahili wa ikulu kwake walikuwa wauza watumwa tu, na ni kweli wengi wao waliuza watumwa. Nao hawakumwachia, walimpelekea Kabaka uvumi kwamba fundi huyu ni mhalifu aliyekimbia kwao. Lakini ugomvi uliomwumiza zaidi ulikuwa na Wazungu wenzake. Februari 1879 alifika padri Mfaransa wa shirika la White Fathers, Siméon Lourdel. Katikati ya mwaka huo, Mackay akisomesha mbele ya baraza, Lourdel alikataa kushiriki sala na kumwambia Mutesa kwamba anayofundishwa ni uongo. Kabaka alibaki akiuliza iweje kila taifa la Wazungu lina dini yake na kila moja inajiita ya kweli. Swali zuri. Wasomi wawili wa Ulaya hawakuwa na jibu ila kuendelea kutukanana kwa adabu, na kufikia mwisho wa mwaka Mutesa alikuwa amerudi kwa mizimu ya ziwa.

Alichosalia nacho Mackay ni karakana yake Nateete. Fuawe, mivukuto, jiliwa, kerezo, na kinoo cha kuzunguka ambacho watu walikuja kukitazama kinavyonoa. Alichimba kisima kilimani akakifunga bomba, majirani wakashangaa kuona maji yanapanda. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Kabaka alimtaka fundi atengeneze jeneza linalolingana na hadhi ya marehemu, na Mackay akatumia wiki nyingi akigonga shaba na kuunganisha mbao hadi lilipokuwa karibu ukubwa wa chumba. Alilalamika kuhusu mali iliyofukiwa na marehemu, vitambaa kwa vitambaa, lakini kazi aliifanya na aliifanya sawasawa. Watu walimwita mzungu wa kazi, na baadhi ya wakuu, waliozoea kuona kazi za mikono zikifanywa na wanawake na watumwa, hawakujua wamweke wapi.

Muhimu kuliko shaba zilikuwa herufi. Mackay alichonga herufi kubwa za mbao kwa mkono, akachapa karatasi za silabi, kisha sala, kisha vifungu. Vijana wa ikulu walijifunzia hizo. Mmoja wao, Sembera, alimwandikia barua mwaka 1881 kuomba ubatizo, kwa kalamu ya kijiti cha nyasi na wino aliojitengenezea. Hakuna aliyemwagiza aandike. Alikuwa mmoja wa wale watano wa Machi 1882, na jina la ubatizo alilochagua lilikuwa Mackay.

Mutesa alikufa Oktoba 1884, akarithiwa na Mwanga, kijana wa miaka kama 16. Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikamatwa njiani wakielekea ziwani. Vijana waliokuwa nao wakachukuliwa. Tarehe 31 watatu waliuawa Busega kwa kukatwa mikono na kuchomwa: Makko Kakumba, Nuhu Sserwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa mtoto tu. Wazungu wawili walihangaika kupeleka zawadi ikulu wakiomba maisha yao, na hazikusaidia kitu. Oktoba mwaka huohuo Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mwaka 1886 yakafuata ya Namugongo.

Imekuwa kawaida kumwita Mwanga mwendawazimu. Sikubaliani. Mwishoni mwa 1884 Karl Peters alipita Usagara akikusanya alama za watemi kwenye karatasi za mikataba. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilikuwa zimeelekeza mizinga kwenye kasri ya Sultani wa Zanzibar. Habari hizo zilifika Mengo, makao ya Mwanga, na misafara. Kijana mwenye kiti kipya akasikia Mzungu mkubwa anakuja kwa njia ya mashariki, njia ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa. Ukatili wake haufutiki, lakini hofu yake ilikuwa na macho.

Na Mackay aliithibitisha hofu hiyo. Kutoka Agosti 1886 alikuwa peke yake Nateete, Ashe akiwa ameondoka. Usiku wasomaji walikuja kwa siri. Mchana alitafsiri na kuchapa Mathayo kwa Kiganda, na alichapa pia waraka mfupi wa kuwatia moyo waliokuwa wanawindwa. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake, na ninaiheshimu bila masharti. Ila mezani hapohapo aliandika barua nyingine, kwa Balozi John Kirk wa Zanzibar, Mskoti mwenziwe aliyewahi kusafiri na Livingstone, na kwa marafiki wa Uingereza, akitaka serikali yake iingilie kati. Mtu aliyekwenda kwa Lukonge bila bunduki alikuwa sasa anaomba bunduki za dola. Ninaweza kuelewa alivyochoka kuzika watoto. Siwezi kumwondolea lawama.

Julai 1887 Mwanga alimwondoa. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akaanza upya: nyumba, karakana, mashine ya uchapaji, na mbao za mashua mpya ya mvuke. Machi 1888 Askofu Parker, aliyechukua nafasi ya Hannington, alifia hapo. Agosti 1889 Stanley alifika na mamia ya watu waliochakaa kutoka msafara wa kumwokoa Emin Pasha, wakakaa karibu wiki tatu. Alimkuta mtu mfupi mwenye ndevu nene, nyumba imejaa vitabu, amezungukwa na vyuma, hana malalamiko. Stanley, asiyekuwa mwepesi wa kusifu wamisionari, alimweka karibu na Livingstone. Shirika lilikuwa linamtaka arudi nyumbani kupumzika. Yeye alikuwa anadai waletwe watu kwanza. Februari 1890 homa ikamchukua, hajatimiza 41. Mwenzake pekee pale, naye akiwa mgonjwa, alimzika kando ya Parker katika jeneza la mbao zilizokuwa zimepasuliwa kwa ajili ya mashua. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Alichokiomba kwenye barua kilikuja harakaharaka. Mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka Usambiro upande wa Wajerumani na Buganda upande wa Waingereza. Desemba Kapteni Lugard alipanda kilima cha Kampala na bunduki ya Maxim. Wanafunzi wa Mackay na wa Lourdel, waliofundishwa kusoma chini ya kifo kilekile, sasa walikuwa vyama viwili vinavyogombea vyeo na mashamba, na Lugard aliwagawia Waprotestanti bunduki. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo. Sembera Mackay alikuwa miongoni mwa waliouawa siku hiyo, na waliokuwa wakipiga upande wa pili nao walikuwa wasomaji.